Andika kwa Sauti Yako, Kaa na Wenzako



Somo la leo ni la wale mnaoandika. Mpo wengi kuliko tunavyodhani: yule anayepewa kuandaa tafakari ya Jumapili ya vijana, katibu wa VIWAWA anayetunga ngonjera ya kumpokea Askofu, binti anayejaza daftari mashairi halafu analificha chini ya godoro. Hapa Tunduma mpo, Vwawa mpo, Mbozi mpo. Na shida ya wengi wetu ni kwamba tukishika kalamu tunageuka watu wengine. Kijana anapiga stori vizuri kabisa pale stendi, watu wanacheka, wanamwelewa. Mpe karatasi uone: anaandika kama mhubiri wa kwenye televisheni. Machozi ambayo hakuyalia, miujiza ambayo hakuiona.

Usidhani ni suala la mtindo tu. Kuna mtu atausoma huo ushuhuda akiwa amefiwa, au akiwa na miezi mitatu hawezi kusali. Anasoma kwamba wewe unasali saa nzima kila alfajiri wala huchoki, na wala si kweli. Anahitimisha kwamba mbovu ni yeye peke yake. Umemtwisha mzigo kwa jina la Mungu, na hata hujui kama umemtwisha.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliangalia jambo hili kwa makini katika Summa yake. Kwake ukweli si tu kutosema uongo kuhusu mambo ya nje. Ni fadhila inayomfanya mtu ajionyeshe, kwa maneno na kwa matendo, jinsi alivyo. Na fadhila hiyo ina maadui wawili, siyo mmoja. Wa kwanza ni majivuno, kujitangaza zaidi ya ulivyo. Wa pili tunamsahau: kujidunisha kwa uongo, ile tabia ya kusema "mimi sijui kitu jamani, mimi wa huku mpakani tu," huku moyoni unajua kabisa una la kusema. Thoma anaongeza kwamba fadhila hii huelekea zaidi upande wa kusema pungufu kuhusu nafsi yako kuliko kuzidisha, maana mwenye kujikweza huwachosha wenzake. Lakini pungufu siyo uongo. Kunyamazia sehemu ya mema yako ni sawa. Kuyakana ni jambo jingine.

Hapo mtu ataniambia: basi frateri, mimi ni mimi, nitaandika nitakavyo, sihitaji mtu wa kunifundisha. Taratibu. Kuna mtu wa nchi hii napenda tumtazame.

Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, alizaliwa 1917, Mkatoliki. Alipenda ushairi wa Kiswahili. Sasa fikiria mazingira. Ushairi huo ulikuwa na mabingwa wake, wengi wao Waislamu, na mizizi yake ilikuwa pwani. Una sheria kali: vina, mizani, beti zilizopimwa. Mtu wa bara, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, angeweza kufanya moja kati ya mawili. Angeweza kujifanya mtu wa pwani, akafuta Ugogo wake na Ukristo wake ili akubalike. Au angeweza kununa, aseme huo si ushairi wetu, akae kando.

Hakufanya hata moja. Alijifunza sheria zile mpaka akazimudu, kisha akazitumia kusema yaliyokuwa yake. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Hakuona haya kwao. Baadaye akaichukua Injili yenyewe akaitungia utenzi, yaani umbo lililotumika kwa karne nyingi kusimulia habari za Mtume Muhammad na vita vya mwanzo vya Uislamu, yeye akamsimulia Kristo kwa umbo hilohilo. Ukiangalia vizuri, hiyo ni heshima mbili kwa mpigo: kwa imani yake, na kwa waliomfundisha kazi.

Na alikaa nao. Washairi wa wakati ule walikuwa wakijibizana kwa beti katika magazeti kama Mambo Leo. Mmoja anauliza kwa shairi, mwingine wa mkoa wa mbali anamjibu kwa shairi. Walikuwa na chama chao pia, UKUTA, Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, ambamo Mnyampala alikuja kuwa kiongozi. Miongoni mwa wakubwa wa ushairi wa enzi hizo alikuwemo Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mwanajumuiya wa Ahmadiyya, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka huohuo wa 1954. Sheikh na Mkatoliki katika kazi moja, na hakuna aliyetakiwa kuiacha imani yake ili awe mshairi.

Halafu ngonjera. Ile tuliyokariri shuleni wote, jina lake linaambatana na Mnyampala. Vitabu vya Ngonjera za Ukuta vilitoka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshafariki mwaka 1969. Ngonjera ni majibizano: huyu ana lake, yule ana lake, wanashindana kwa hoja mpaka waelewane. Haiwezekani kuwa ngonjera kama wote wana sauti moja. (Kwa kweli, ngonjera nyingi za parokiani siku hizi ni watoto wanne wanaosema jambo lilelile kwa zamu. Tujirekebishe.)

Hapa Tunduma mfano tunao mlangoni. Wabadilisha fedha wanashika mabunda mawili, kwacha na shilingi, na noti wanaigeuzageuza kabla ya kuipokea. Kazi yao ipo kwa sababu kwacha ni kwacha na shilingi ni shilingi. Noti inayojifanya ni nyingine hakuna anayeitaka, upande huu wala Nakonde. Ndivyo ilivyo kati ya waandishi. Ukiniletea sauti uliyoiazima, nitakupa nini? Hatujakutana bado.

Soma tena Luka 1:1-4. Luka anakiri wazi kwamba wengi wamekwisha kuandika kabla yake. Hawadharau, wala hasemi basi imetosha. Anachunguza, halafu anaandika na yeye, kwa mpangilio wake, kwa ajili ya mtu mmoja anayeitwa Theofilo. Bila uamuzi huo tusingekuwa na mfano wa mwana mpotevu, maana ni yeye peke yake aliyeuandika.

Kama unadhani kuishi mpakani kunakuzuia, kumbuka kwamba Shaaban Robert alianza kazi 1926 akiwa karani wa forodha, na akaifanya kwa miaka mingi. Tangu 1931 mpaka 1958 alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, na barua hizo leo ni kitabu. Karani, na ndugu mmoja wa kumsoma.

Kazi ya wiki hii, basi. Chukua Injili ya Jumapili ijayo, andika nusu ukurasa, bila neno ambalo usingelitamka mbele ya mama yako. Mpe mwenzako mmoja anayeandika naye akupe ya kwake. Kama ni wa dhehebu au dini nyingine, na iwe zaburi au shairi. Msisahihishiane vituo kwanza. Kila mmoja apige mstari chini ya sentensi ambayo hakumsikia mwenzake ndani yake, kisha mkae muulizane ilitoka wapi.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi, utuombee.