UHIFADHI WA FASIHI SIMULIZI: VIDEO NA NAKALA ZA UHARIRI

Ukiulizwa njia za kuhifadhi fasihi simulizi, usiishie kuandika "kompyuta huhifadhi kwa muda mrefu". Eleza inahifadhi nini na inapoteza nini.

Mfano: Katika muheme ya Wagogo wa Dodoma, wapigaji ngoma ni wanawake. Maandishi huhifadhi maneno ya wimbo tu. Video hunasa pia mapigo, miondoko na hadhira.

Kabla ya kuoneshwa, video huhaririwa. Mhariri huchagua vipande na kuvipanga katika sikwensi, yaani mfuatano wa vipande ndani ya programu ya uhariri.

Zingatia: Sikwensi haibebi picha. Hubeba maelekezo tu: kipande kipi kianze, kikatwe wapi, kifuatwe na kipi. Picha zimo katika video ghafi. Ukitunza faili la mradi na kufuta video ghafi, mradi utafunguka lakini picha hazitaonekana.

Hatua za kutunza matoleo

1. Kabla ya badiliko kubwa, rudufu sikwensi na uipe namba: Muheme_01, Muheme_02. Epuka majina kama "ya mwisho" na "ya mwisho kabisa". Baadaye hutajua ipi ni ipi.
2. Usitegemee programu ijihifadhie yenyewe. Nyingi hufanya hivyo kila baada ya dakika kadhaa, lakini nakala zikifika kikomo, za zamani hufutwa.
3. Nakili faili la mradi pamoja na video ghafi kwenye diski nyingine, uiweke mahali pengine. Nakala mbili ndani ya kompyuta moja hupotea pamoja.

Kwa nini? Kazi ya fasihi simulizi hubadilika kulingana na fanani, hadhira na mazingira. Hukwe Zawose, Mgogo na mpigaji mashuhuri wa zeze na ilimba, alifariki mwaka 2003. Onesho lake lililorekodiwa likifutika, hakuna wa kulirudia.

Swali la kujipima

"Kompyuta ndiyo njia bora kuliko zote ya kuhifadhi fasihi simulizi." Jadili.

Dondoo za jibu

*Kukubali:* hunasa sauti, picha na miondoko. Kazi hunakiliwa na kusambazwa kwa urahisi.

*Kupinga:* huhitaji umeme, vifaa na ujuzi. Faili huweza kufutika. Fanani na mtazamaji hawakutani ana kwa ana. Uhariri huondoa sehemu za onesho.

*Hitimisho:* toa msimamo wako. Kumbuka kuwa toleo lililohaririwa si onesho zima. Video ghafi ndiyo iliyo karibu zaidi nalo.