Kijiti cha Kupimia Raba: Somo la Wayo, Namba na Povu

Mzazi wa Idsowe, huko Tana River nchini Kenya, anayetaka raba za mbio kwa mtoto asiyeweza kufuatana naye sokoni ana njia ya zamani ya kufanya: hukata kijiti chenye urefu wa wayo wa mtoto, akakipeleka mjini Garsen. Sokoni kijiti hutumbukizwa ndani ya kiatu. Kikienea, kiatu hununuliwa. Njia hiyo ni bora kuliko inavyodhaniwa, maana inapima mguu badala ya kuuliza namba. Ila ina kasoro mbili, moja ya urefu na moja ya upana, na ili kuzielewa yafaa tuanze na wayo wenyewe.

Katika makala haya, wayo ni sehemu yote ya mguu iliyo chini ya kifundo. Una mifupa 26 inayoshikanishwa na kano. Mifupa hiyo imepangwa kwa kupinda, mfano wa daraja dogo, kutoka kisigino hadi shina la vidole. Mpindo huo ndio tao la wayo. Mtu akikaa, tao huinuka. Akisimama, uzito hulishusha kidogo, na wayo hurefuka na kutanuka kwa milimita chache. Akikimbia, mzigo huzidi: kila anapotua, nguvu inayomrudia kutoka ardhini hufikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Tuseme hatua yake ni mita moja. Katika kilomita 5 atapiga hatua 5,000, kwa hiyo kila wayo utapokea mzigo huo mara 2,500. Tena, kutwa nzima maji ya mwili huteremkia miguuni, hasa penye joto kama la Garsen, na wayo wa jioni huwa mnene kuliko wa asubuhi.

Basi kijiti kilichokatwa asubuhi, mtoto akiwa amekaa, ni kifupi. Hapo ndipo kasoro ya kwanza ilipo. Upimaji sahihi hufanyika jioni. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta. Mwenye kupimwa asimame juu yake, amevaa soksi atakazokimbilia, kisigino kikigusa ukuta, uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili. Tia alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa watu wengi ni kidole gumba, lakini kwa wengine ni cha pili. Zungusha penseli iliyosimama wima kando ya wayo wote. Rudia kwa mguu wa pili, kwani ni nadra miguu miwili kulingana, na kiatu hununuliwa kwa kufuata ule mkubwa.

Kwenye urefu huo ongeza sentimita moja, ndipo ukate kijiti. Mkimbiaji anapotua, wayo huteleza mbele kidogo ndani ya kiatu. Pasipo nafasi, kucha hugonga ncha ya kiatu maelfu ya mara, ikawa nyeusi na hatimaye kung'oka. Kiatu kisichokaa vizuri chaweza kuwa kibaya kuliko kutovaa kabisa. Abebe Bikila wa Ethiopia, kwa mfano, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964, mjini Tokyo, alishinda tena, safari hii akiwa na viatu.

Sasa namba. Kila kiatu hujengwa juu ya kalibu, yaani umbo la mbao au plastiki lenye sura ya mguu, refu kuliko wayo kwa takriban sentimita moja na nusu. Namba huhesabu urefu wa kalibu, na kila nchi ina kipimo chake. Kwa Wazungu wa bara, namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Kwa Waingereza, ambao kipimo chao hutumika pia Kenya, ni theluthi moja ya inchi, urefu uliotokana na punje ya shayiri. Wayo wa sentimita 26 huhitaji kalibu ya sentimita 27.5; ukigawanya kwa theluthi mbili utapata 41 na kitu. Kiatu hichohicho cha kiume kitaandikwa 7 kwa Kiingereza na 8 kwa Kimarekani. Ndiyo maana anayesema "mimi navaa nane" hajasema mengi. Kwenye raba nyingi, kitambaa kilichoshonwa ndani ya ulimi wa kiatu huonyesha pia sentimita, na hiyo ndiyo ya kutazama kwanza.

Kasoro ya pili ya kijiti ni upana. Watu waliokua wakitembea peku huwa na vidole vilivyotanuka, ilhali raba nyingi hujengwa juu ya kalibu nyembamba. Wengi huponea kwa kuchukua namba kubwa zaidi. Hapo vidole hupata nafasi, lakini kisigino hupwaya na kufanya malengelenge. Afadhali utoe soli ya ndani, ile inayochomoka, uilaze juu ya mchoro wako. Mchoro ukivuka kingo kwa kiasi kikubwa, rudisha kiatu.

Katika mitumba, soli hiyo ya ndani husema zaidi. Mara nyingi ina alama nyeusi za vidole vya mmiliki wa kwanza, na shimo la kisigino chake. Kadiri alama zilivyozama, ndivyo kiatu kilivyokwenda mbali. Lililochoka kwanza ni povu, yaani tabaka laini katikati ya soli, lililojaa viputo vidogo vya hewa. Viputo hujikunja mguu unapotua, kisha hutanuka; baada ya kilomita 500 hadi 800 vingi havitanuki tena. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Povu zima hukubali na kurudi. Lililokufa ni gumu, lina mikunjo kama ya ngozi ya mzee. Kisha kiweke kiatu juu ya meza na ukitazame kwa nyuma: kikiinama upande mmoja, kitauinamisha na mguu wako.

Bei ipimwe kwa kilomita. Tuchukulie raba ya shilingi 1,000 iliyobakiza kilomita 500: kila kilomita ni shilingi 2. Ya shilingi 600 iliyobakiza kilomita 100 ni shilingi 6.

Iko hatari moja ambayo karatasi haiionyeshi. Kwenye vijia vya Tana River mathenge, mti wenye miiba, imeenea, na mwiba wake hutoboa soli laini bila shida. Ukivunjikia ndani, hausikiki siku hiyo. Kila hatua huupandisha kidogo. Kwa hiyo kabla ya kulipia kiatu cha mtumba, na kila mara kabla ya kwenda kukimbia, inua soli ya ndani na upapase chini yake polepole kwa ncha za vidole, kutoka kisigino hadi mbele.