Mtoto Akiumia Nyumbani: Maswali ya Wazazi na Walezi wa Kisii na Nyamira

Mtoto anapoungua, anapokwamwa na chakula au anapoangushwa na radi, anayemfikia kwanza huwa ni mama, nyanya, jirani, mfanyakazi wa nyumbani, au dada yake aliyeachiwa kazi ya kumlea. Abagusii humwita mlezi huyo mdogo omoreri, na mara nyingi yeye mwenyewe bado ni mtoto. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wote hao. Yanahusu huduma ya kwanza, yaani msaada anaopewa mtu aliyeumia au kuugua ghafla kabla hajafika mikononi mwa mhudumu wa afya.

Mtoto amemwagikiwa na chai au uji moto. Nianze na nini?

Maji. Mwondoe penye moto, mvue nguo na bangili kabla mwili haujavimba, lakini nguo iliyogandamana na ngozi iache ilivyo. Kisha mmwagie maji safi ya baridi ya kawaida, si ya barafu, pale alipoungua tu, kwa dakika 20 kamili. Kama hakuna bomba, mimina polepole kwa kikombe kutoka kwenye mtungi. Dakika 20 ni nyingi mtoto anapolia, na walezi wengi huacha mapema kwa huruma. Tafadhali usiache, kwa kuwa joto huendelea kula nyama ya ndani hata baada ya moto kuondoka. Sehemu nyingine za mwili zifunike kwa shuka au blanketi, maana nyanda zetu ni za baridi na mtoto mchanga hupoa haraka.

Nimesikia dawa ya meno, ute wa yai, unga au kinyesi cha ng'ombe hutoa joto. Je, ni kweli?

Inaeleweka kwa nini watu huamini hivyo, kwa sababu baadhi ya vitu hivi huleta ubaridi kwa muda mfupi. Lakini huzuia joto lisitoke, huingiza vijidudu, na muuguzi hulazimika kuvikwangua juu ya kidonda ili aone kina chake, jambo linalomtesa mtoto mara ya pili. Kinyesi na udongo vinaweza pia kuleta pepopunda, ugonjwa unaokaza misuli na kuua. Baada ya maji, funika kidonda kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, usipasue malengelenge, na uende hospitali ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au liko usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, au kama aliyeungua ni mtoto mchanga.

Kwa nini watoto wadogo ndio huungua zaidi jikoni?

Katika nyumba nyingi za vijijini mafiga yako sakafuni, kwa hiyo sufuria inayochemka iko kwenye kimo cha mtoto anayetambaa. Jioni ndiyo saa ya hatari, mama anapopika huku akiangalia mambo mengine na mwanga ni hafifu. Jiko lililoinuliwa kwa udongo au matofali, au hata kizuizi cha mbao mlangoni mwa jikoni, huokoa watoto. Ukiweza kurekebisha jambo moja tu nyumbani mwezi huu, rekebisha hili.

Mtoto amekwamwa na njugu au kipande cha muwa, hawezi kulia wala kukohoa. Nifanye nini?

Akiwa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali, umkandamize mara 5 katikati ya kifua kwa vidole viwili, kisha urudie. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja mwinamishe mbele, mpige mgongoni mara 5 vivyo hivyo. Kisipotoka simama nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na mbavu, uivute ndani na juu mara 5. Usiingize kidole kooni usipokiona kitu chenyewe, maana utakisukuma ndani zaidi.

Mtoto anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe, ukimtazama. Njugu nzima, mahindi ya kuchoma na vipande vya muwa visitolewe kwa watoto walio chini ya miaka 5.

Je, ni hatari kumgusa mtu aliyepigwa na radi?

La. Swali hili huulizwa sana huku kwetu, na lina sababu. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima ya Kisii na Nyamira na kujenga mawingu mazito ya mvua, hasa alasiri, saa ambazo watoto wanatoka shuleni au wanachunga. Ndiyo maana eneo hili hujulikana nchini kwa radi zake.

Mwili wa mtu aliyepigwa na radi haubaki na umeme, kwa hiyo mguse mara moja. Anayeonekana amekufa huenda moyo na pumzi vimesimama tu, na anaweza kurudi akisaidiwa dakika hiyohiyo. Mlaze chali mahali pagumu, weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kandamiza mara 30 kwa kasi ya karibu mara mbili kila sekunde, kifua kikishuka theluthi moja ya unene wake. Kisha inua kidevu, ziba pua, pumulia kinywani mara 2, na uendelee hivyo bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Kwa mtoto mchanga tumia vidole viwili, na kinywa chako kifunike kinywa na pua yake kwa pamoja. Wapo wanaoona radi kama kazi ya uchawi, na kwa hofu hiyo humwacha aliyeanguka au humpaka tope na kungoja. Kila mtu ana imani yake, lakini kifua kikandamizwe kwanza.

Nguo nyekundu na vioo huvuta radi?

Hapana, rangi ya nguo haina uhusiano na radi, wala kioo. Kinacholeta hatari ni kuwa mahali pa wazi kama uwanja wa mpira au shamba la chai, kukaa chini ya mti uliosimama peke yake, au kuwa ndani ya maji. Mngurumo ukisikika, watoto waingie kwenye jengo imara, wakae mbali na madirisha, mabomba na nyaya za umeme, na wasitoke hadi dakika 30 zipite baada ya mngurumo wa mwisho.

Mtoto ana homa kali na ameanza kutetemeka mwili mzima.

Hii ni degedege, mtukutiko ambao homa huweza kuusababisha kwa mtoto mdogo. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa, na usimtie kijiko, maji wala dawa kinywani. Mtukutiko ukikoma, mpeleke kituo cha afya apimwe malaria na magonjwa mengine. Ukipita dakika 5, usingoje ukome, safiri naye. Malaria hufika nyanda za juu pia, na watu wa huku hawana kinga ya mwili kama ya walio karibu na ziwa, kwa hiyo inaweza kumlemea mtoto haraka.

Amekunywa mafuta ya taa. Nimpe maziwa atapike?

Usimpe maziwa, na usimtapishe. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia mapafuni, na madhara yake makubwa hutokea huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe ili mhudumu ajue alichokunywa. Fanya vivyo hivyo kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, dawa ya kunyunyizia mboga na sumu ya panya. Visa vingi huanzia kwenye chupa ya soda iliyotiwa mafuta au dawa na kuwekwa chini ya meza, kwa hiyo kila kitu kikae kwenye chombo chake cha asili, juu, kimefungiwa.

Mtoto ametolewa majini. Tumning'inize kichwa chini maji yatoke?

Hapana. Kumning'iniza au kumbonyeza tumbo kunapoteza dakika anazohitaji hewa, na kunaweza kumfanya atapike na kukabwa tena. Kama hapumui, anza kwa kumpulizia pumzi 5, kisha endelea na mikandamizo 30 na pumzi 2 kama ilivyoelezwa hapo juu. Hata akizinduka apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu yanaweza kushindwa saa kadhaa baadaye.

Mto Gucha unajulikana na kila mtu, lakini watoto huzama pia kwenye mashimo yaliyoachwa wazi na wachimba mawe ya sabuni kule Tabaka, na yale ya wafyatua matofali, yakijaa mvua. Mwenye shimo alizungushie ua. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama hata kwenye ndoo.

Ameumwa na mbwa, lakini mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima.

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu kila mara huua. Chanjo ikitolewa mapema, huzuia. Pilipili, mafuta au majani yasitiwe kwenye jeraha.

Watoto watatu kwenye boda boda moja, si ni kawaida?

Imekuwa mazoea, lakini sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, naye anapaswa kupewa kofia ya kinga na koti linaloakisi mwanga. Mzazi ana haki ya kumkatalia mwendeshaji anayewapakia zaidi.

Hospitali inaweza kumkataa mtoto kwa sababu sina pesa au sijajisajili SHA?

Haipaswi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inarudia haki hiyo kwa hospitali za umma na za binafsi. Matibabu ya dharura ni yale ya kuokoa maisha au kuzuia hali isizidi kuwa mbaya; malipo ya kwanza yasidaiwe kama sharti la kuyapata. Ukikataliwa, taja haki hiyo kwa upole, omba kumwona msimamizi wa zamu, andika saa na jina la idara, kisha lalamika kwa ofisi ya afya ya kaunti. Kujisajili SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, bado ni jambo la busara, kwa kuwa matibabu yanayofuata dharura yana gharama.

Naogopa kusema jinsi alivyoumia, nisije nikashtakiwa.

Hofu hiyo imewachelewesha wazazi wengi. Mhudumu huuliza kwa sababu matibabu yanategemea jibu: maji moto, umeme na sumu havitibiwi kwa njia moja. Ajali ya kawaida si kosa la jinai; kumficha mtoto aliyeumia ndiko kunakomhatarisha.

Je, kama mtoto amenajisiwa?

Mpeleke hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hufanya kazi katika muda huo. Si lazima uanzie polisi. Usimwogeshe, na nguo zake zifunge kwa gazeti au bahasha ya karatasi, si nailoni, ili ushahidi usioze. Polisi watatoa fomu ya P3, inayojazwa na daktari kueleza majeraha. Kesi hii haimalizwi na wazee nyumbani kwa mbuzi au pesa, hata kama mtuhumiwa ni wa ukoo.

Msichana akikeketwa na muuguzi kwa sindano na vifaa safi, si salama?

Wazazi wengi wa Kisii na Nyamira wameambiwa hivyo, na wengine walikubali wakidhani wanamkinga binti yao. Ukweli ni kwamba usafi hauondoi uwezekano wa kuvuja damu, maumivu ya muda mrefu na matatizo wakati wa kujifungua, na ukeketaji hauna faida yoyote ya kiafya. Sheria ya 2011 inaukataza hata ukifanywa na mhudumu wa afya, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Kujua na kunyamaza pia ni kosa.

Likizo ya Novemba na Desemba ndiyo huwa na hatari zaidi. Msichana anayevuja damu akandamizwe kwa kitambaa safi na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Atatibiwa bila kujali nani alifanya nini.

Nipige simu wapi?

Simu ya watoto ni 116, bila malipo, mchana na usiku, kwa dhuluma yoyote dhidi ya mtoto. Kwa ukatili wa kijinsia ni 1195, na kwa dharura nyingine piga 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Ambulensi ikichelewa, tumia gari lolote lililo karibu. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira hupokea dharura saa zote, lakini mtoto asiyepumua vizuri au anayevuja damu afikishwe kwanza kwenye kituo kilicho jirani.

Nitajifunzaje kwa vitendo?

Kukandamiza kifua na kumsaidia mtoto aliyekwamwa ni kazi za mikono, na kusoma peke yake hakutoshi. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hutoa mafunzo, na vikundi vya kina mama, makanisa na shule vinaweza kuomba mkufunzi aje. Muulize pia mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba yako, na akija, mwite omoreri naye akae asikilize.