Kabla Hujalipia Mashua: Vidokezo kwa Mnunuzi wa Dar

Ukitoka Kariakoo kwa miguu, ukakata Mnazi Mmoja na Posta, haipiti saa nzima umeshafika soko la samaki la Feri. Huko ndiko wafanyabiashara wengi wa mjini wanakopatwa na wazo: na mimi ninunue mashua yangu, nitafute nahodha, niache kununua samaki wa mnadani. Wazo ni zuri. Chombo cha tanga hakinywi petroli, na kikitunzwa kinafanya kazi miaka mingi. Ila mashua mbovu inaua watu, na kabla ya kuua inakula akiba. Kwa hiyo soma hivi kwanza.

1. Jua unataka chombo cha kazi gani

Ngalawa ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye mirengu pande zote mbili. Inawatosha watu wawili watatu na mishipi yao. Mashua imeungwa kwa mbao juu ya mkuku, yaani uti wake wa chini, na mataruma, yaani mbavu zake; inabeba nyavu, mabaharia na mzigo wa kiasi. Jahazi ni gharama nyingine kabisa. Kama safari zako haziendi mbali kuliko Mbudya na Bongoyo, usijibebeshe chombo kinachohitaji watu wanane kukisukuma mchangani. Na fundi hodari wa ngalawa si lazima awe fundi hodari wa mashua. Muulize kazi yake ya kila siku ni ipi.

2. Fundi mpime kwa vyombo vyake vya zamani

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote, na ukisahau vingine usisahau hiki. Mafundi wa pwani yetu hujenga bila mchoro wa karatasi. Wanatumia uzi, jicho na kumbukumbu ya mkono waliyorithi kwa baba au kwa fundi aliyewalea. Hakuna cheti ukutani cha kukuonyesha. Cheti chao kinaelea.

Kwa hiyo usiombe kuona chombo anachojenga sasa, maana kila chombo kipya kinapendeza. Omba akutajie vyombo viwili vitatu alivyoshusha miaka mitano au zaidi iliyopita, halafu vitafute huko viliko. Mkute nahodha, msalimie vizuri, kisha uliza maswali ya kazi: kinavuja wapi? Mbao ya kwanza ilibadilishwa lini? Kikipigwa na kusi kinatulia au kinakunywesha maji? Fundi alipoitwa kurekebisha, alirudi? Nahodha hana sababu ya kukudanganya kuhusu mtu aliyeshika roho yake mkononi.

Sifa ya ujenzi iko Nungwi kule Unguja, iko Kisiwa cha Jibondo karibu na Mafia, na hapa jirani iko Bagamoyo. Nenda mwenyewe ukaone. Kwenye kilinge cha fundi tazama mambo mawili. Kwanza mbao zake: zimepangwa kivulini, zimetenganishwa zipitishe hewa, au zimetupwa juani zikipasuka? Pili, hesabu mikuku iliyolala bila kuendelea. Mkuku mmoja uliosimama unaweza kuwa na mwenyewe aliyeishiwa. Ikiwa mitatu au minne imeota majani, huenda fundi anachukua malipo ya awali ya kila anayekuja, na wewe utakuwa wa nne au wa tano.

Na usimdharau fundi kwa sababu hana mashine. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, wakalishusha mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Malighafi ilikuwa mpya, lakini kilicholifikisha jahazi Zanzibar ni ufundi ule ule wa zamani.

3. Mbao: uliza jina, uliza karatasi

Mninga na mvule ndizo mbao za kutamaniwa. Zinastahimili maji na hazikimbiliwi upesi na wadudu. Mwembe ni nafuu lakini hauishi sana. Fundi akikuambia "mbao nzuri tu, usijali," hapo ndipo pa kujali. Andikeni kwenye makubaliano: mkuku mti gani, mataruma mti gani, ubavu mti gani.

Mataruma yatazame kwa makini. Taruma bora hutoka kwenye mti uliojipinda wenyewe, nyuzi zake zinafuata mkunjo. Likikatwa kutoka ubao ulionyooka, nyuzi zinakatika katikati, na siku ya mawimbi linavunjika hapo hapo.

Kuhusu karatasi: mbao halali zina risiti na kibali cha kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mzigo usio na kibali unaweza kukamatwa njiani, na hela yako ikakamatwa nayo.

4. Kariakoo nenda mwenyewe, lakini usiende peke yako

Mapatano mengi huwa hivi: wewe unaleta vifaa, fundi analeta mikono. Mnunuzi wa mjini hapa ana faida, kwa sababu misumari, rangi, kamba na turubai vyote viko Kariakoo na Gerezani. Mchukue fundi au mwanafunzi wake mzunguke pamoja, ili asije kesho akasema vifaa ulivyoleta ndivyo vilivyoharibu chombo.

Penye msumari usibane hela. Msumari wa kawaida wa ujenzi ukiingia maji ya chumvi unaliwa na kutu, unavimba, unapasua ubao, na mwisho unaacha tundu. Nunua misumari iliyochovywa zinki. Sumaku haikusaidii hapa, maana inavuta yote miwili. Kwaruza msumari mmoja kwa kisu: zinki nene inakwaruzika kwa shida, ya kupaka juu juu inabanduka upesi. Pamba ya kukalafati iwe safi na ndefu. Mabaki ya kushindilia magodoro hayafai.

Rangi nunua mwisho kabisa.

5. Lipa kwa hatua zinazoonekana kwa macho

Sehemu ya kwanza mkuku ukishalazwa. Ya pili mbao za ubavu zikishafunga. Ya tatu baada ya kukalafati. Ya mwisho, na iwe ya maana, baada ya chombo kulala majini usiku mmoja kikaamka salama. Fundi mwaminifu hachukizwi na mpango huu, kwa sababu unamlinda yeye pia na mteja anayepotea katikati ya kazi. Weka pembeni na hela ya kushusha chombo: watu wa kuvuta, chakula chao, na dua. Ukiwanyima watu wa ufuko siku hiyo, usitegemee watakukimbilia siku chombo kimekwama.

6. Chombo kilichotumika: rangi mpya ni swali

Mtu anayeuza mashua ya miaka kumi aliyoipaka rangi wiki iliyopita, muulize alichokuwa anafunika. Inawezekana ni usafi tu. Hakikisha.

Kakague siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa, chombo kimekaa mchangani uone mpaka chini ya mkuku. Chukua kisu na nyundo ndogo. Gonga ubao mmoja mmoja: ubao mzima unaitika kwa sauti kavu, uliooza unanyamaza. Choma ncha ya kisu pale mlingoti unapokaa, kwenye kiungo cha mkuku na ubao wa kwanza, na ndani ya tezi. Kisu kikizama bila nguvu, mshukuru muuzaji na uondoke. Tafuta michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye vichwa vya misumari. Tafuta pia vitundu vidogo vya mnyoo wa baharini. Nje unaweza kuona tundu dogo sana, kumbe ndani ubao wote umebunguliwa. Chombo kinachotunzwa hupandishwa mara kwa mara, tumbo likababuliwa kwa moto wa makuti makavu kuua wadudu, kisha likapakwa sifa au deheni. Uliza mara ya mwisho ilikuwa lini, na uliza na jirani.

Jambo moja linawashangaza watu wa bara: maji matamu yanaozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Chombo kilichotoka kazini jana kinaweza kuwa kizima kuliko kile "kilichopumzishwa" ufukweni masika mbili bila kuezekwa, maji ya mvua yamesimama ndani.

7. Kilaze majini

Mbao zikikaa juani zinanywea na viungo vinafunguka. Kwa hiyo chombo kilichokuwa nchi kavu kitavuja siku ya kwanza, na hilo lisikutishe. Kikumbe maji, kiache mbao zinywe na kuvimba, kisha kikumbe tena. Kama kesho yake maji ni yale yale, mwombe mwenyewe akitoe, mtafute panapoingia. Asiyekubali chombo chake kilale majini usiku mmoja ana jambo analijua.

8. Kijaribu kwa bisho

Kwenda na upepo mgongoni kila kitu kinaenda. Mtihani ni kupiga bisho, kurudi dhidi ya upepo, na kuona kama chombo kinashika njia au kinasukumwa pembeni tu. Tazama foromali linavyopinda, henza inavyopita, na usukani kama unamchosha mtu. Chagua alasiri yenye upepo wa kutosha wakati wa kaskazi, ghuba ya Msasani. Usifanye jaribio hilo kwenye mlango wa bandari, mahali pantoni na meli zinapopishana. Nahodha awe wako. Wa muuzaji anajua kukwepa aibu za chombo chake.

9. Deni na karatasi

Mashua nyingi za uvuvi zina tajiri nyuma yake: mtu aliyekopesha nyavu au matengenezo na analipwa kwa samaki. Ukinunua bila kuuliza, utamkuta ufukweni anadai. Waulize viongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, wa ufuko ule. Wao wanajua chombo ni cha nani, kina ubia na nani na kilitoka wapi. Mkataba uandikwe mbele ya serikali ya mtaa au wakili, wenye namba ya usajili, si jina la chombo peke yake, maana majina hufutwa kwa brashi.

Chombo cha uvuvi kina usajili na leseni yake chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2003. Usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara unasimamiwa na TASAC, na Zanzibar na mamlaka yake ya usafiri baharini, ZMA. Fanya ukaguzi kabla ya kulipa malipo ya mwisho. Na kama hakina leseni ya abiria, usipandishe abiria, hata ndugu, hata kwa sikukuu, hata kwa safari fupi ya kwenda Kigamboni.

10. Jaketi za kujiokolea kabla ya mapambo

Bajeti ikibana, acha urembo wa gubeti, acha bendera, acha jina la kuchora. Nunua jaketi moja kwa kila mtu utakayemweka humo, na hakikisha zinavaliwa. Wale mabaharia wana watoto nyumbani kama wewe.