Nafasi ya Msamiati wa Sauti katika Kubainisha Hitilafu za Gari Mseto Kuukuu

1.0 Utangulizi
Makala haya yanachunguza jinsi uteuzi wa kitenzi na kielezi unavyoweza kumwongoza au kumpotosha fundi anayetafuta kiini cha sauti isiyo ya kawaida katika gari mseto kuukuu, hasa pale gari hilo linapoanza pia kula petroli kupita kiasi. Gari mseto ni lile linaloendeshwa kwa injini ya petroli na mota ya umeme. Mfano unaorejelewa ni Toyota Prius, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, hususan kizazi chake cha tatu kilichozinduliwa mwaka 2009 kikiwa na injini ya lita 1.8. Hoja kuu ni kwamba maelezo ya mwenye gari ndiyo kifaa cha kwanza cha ukaguzi. Kikiwa butu, hasara haikosi.

2.0 "Kuwaka" na "Kulia"
Katika mazungumzo ya kila siku, "gari limewaka" na "injini imewaka" ni kauli zenye maana moja. Katika gari mseto maana hizo hutengana: gari laweza kuwa limewaka, hata likatembea, ilhali injini imezima. Kompyuta ndiyo huamua injini iwake lini, na mota ya umeme ndiyo huizungusha ili iwake. Hivyo basi, dereva anayesema "gari hugonga likiwaka" hajabainisha iwapo sauti hutokea anapobonyeza kitufe au baadaye injini inapoanza kazi.

Kitenzi "lia" nacho ni neno jumuishi mno. Chini yake mna haiponimu nyingi: gonga, kwaruza, vuma, nguruma, koroma. Kila kimojawapo huashiria chanzo tofauti, lakini hakitoshi pasipo vielezi vya wakati na mahali. Mifano ifuatayo yathibitisha hayo.

(a) "Injini hugongagonga na kutetemeka asubuhi ikiwa baridi, kisha hutulia." Kauli hii huelekeza shaka kwenye gasketi ya kichwa cha silinda. Gasketi ikianza kuvuja, maji ya kupoza injini hupenya ndani ya silinda gari likiwa limelala. Aghalabu maji hayo hupungua bila tone kuonekana chini. Ikumbukwe kwamba gari hili lina vyombo viwili vya maji ya kupoza, kimoja cha injini na kingine cha inveta. Kinachopasa kukaguliwa hapa ni cha injini. Fundi hupima shinikizo la mfumo wa kupoza, kisha hutoa plagi na kuchungulia silinda. Maji yakizidi, mkono wa pistoni waweza kupinda na injini ikaharibika kabisa.

(b) "Nyuma, karibu na kiti cha abiria, huvuma kwa nguvu." Huyo ni feni wa betri. Vumbi likiziba njia yake ya hewa, betri hupata joto na kuchakaa mapema.

(c) "Gurudumu hunguruma kadiri mwendo unavyoongezeka, hata injini ikiwa imezima." Hapa injini haina hatia, beringi ya gurudumu ndiyo ya kushukiwa.

3.0 Ushahidi wa Petroli
Kauli "gari linakula mafuta" nayo yahitaji kipimo. Tangi hujazwa, kilomita zikaandikwa, na baada ya safari tangi likajazwa tena. Kilomita zilizosafiriwa hugawanywa kwa lita zilizoongezwa. Ikiwa gari lilikwenda kilomita 600 kwa lita 30, ufanisi ni kilomita 20 kwa lita. Likitumia lita 40 katika safari iyo hiyo, ufanisi umeshuka hadi 15.

Upungufu huo haumaanishi moja kwa moja kwamba betri imekufa. Tairi zisizo na upepo wa kutosha, breki zinazong'ang'ania na chujio chafu la hewa huweza kuuleta. Hayo huchunguzwa kwanza kwa kuwa ni ya gharama ndogo. Betri hushukiwa zaidi ikiwa sauti ya injini ni ya kawaida ila injini huwaka mara nyingi mno. Uchunguzi wa betri, yenye takriban volti 200, ni wa fundi aliyefunzwa. Nyaya za rangi ya chungwa hazishikwi ovyo.

4.0 Hitimisho
Imebainika kwamba kitenzi mahususi, kielezi cha wakati, kielezi cha mahali na kipimo cha petroli hukamilishana. Mwenye gari anayesema tu "linalia na linakula mafuta" aweza kuuziwa betri ilhali gasketi ndiyo inayovuja, naye akaipoteza injini baada ya kugharamia betri. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila kabla ya kuuziba, sharti ufa wenyewe utajwe ulipo. Wanafunzi wa semantiki wana uwanja mpana wa utafiti katika gereji, ambako maana ya neno hupimwa kwa spana.