Kuteguka na Kushtuka: Lugha ya Kupimia Mwitikio wa Misuli ya Kifundo cha Mguu

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza upimaji wa mwitikio wa misuli baada ya kifundo cha mguu kuteguka. Mfano unatolewa Biashara Street, Mombasa, mtaa uliosifika kwa maduka ya leso na vikoi. Ichukuliwe kwamba hamali aliyejitwika robota la leso anakanyaga ukingo wa barabara, unyayo unapinduka kwa ndani, naye anaanguka. Wenzake watasema mguu umeteguka, au umeshtuka. Mkandaji atasema mshipa umevutika. Baada ya majuma machache uvimbe unatoweka, hamali anarudi kazini, na mguu ule ule unapinduka tena. Sababu ni nini?

Utata wa neno "mshipa"

Katika mazungumzo ya kila siku, mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na hata ni maradhi ya ngiri. Upana huu wa maana haudhuru barazani, lakini hudhuru katika tiba. Katika ajali ya aina hii, kinachoumia zaidi ni ligamenti za upande wa nje, ambazo huunganisha mfupa na mfupa. Kano huunganisha msuli na mfupa, nazo neva hupeleka habari baina ya viungo, uti wa mgongo na ubongo. Mwaka 1965, Freeman na wenzake walipendekeza kuwa ligamenti inapochanika, vipokezi vya hisia vilivyomo ndani yake huharibika pia. Hivyo, anayeambiwa tu kwamba "mshipa umepona" hajaelezwa iwapo misuli yake inaitikia ipasavyo.

Upimaji wenyewe

Kitenzi tegua ni kauli ya kutendua ya tega, na kifaa cha kupimia hakika ni mtego. Mtu husimama juu ya jukwaa lenye kibao cha bawaba. Kibao huachiliwa bila yeye kutarajia, kikauinamisha unyayo kwa ndani, mara nyingi kwa digrii 30 hivi. Elektrodi zilizobandikwa kwenye ngozi, upande wa nje wa mguu chini ya goti, hunasa umeme wa misuli ya fibula, ambayo huuvuta unyayo kwa nje. Kinachopimwa ni muda kati ya kibao kuanguka na msuli kuanza kuitikia: takribani milisekunde 50 hadi 90, yaani chini ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Hapa ndipo kitenzi shtuka kinapoleta utata. Kifundo "kilichoshtuka" kimeumia. Msuli "ulioshtuka" umeitikia. Inafaa basi teguka litumike kwa jeraha, na mwitikio kwa tendo la msuli.

Matokeo na mjadala

Tafiti hazikubaliani. Baadhi zimeona mwitikio ukichelewa katika vifundo vinavyoteguka mara kwa mara. Nyingine hazikuona tofauti. Mwaka 1993, Konradsen na wenzake walizitia ganzi ligamenti za kifundo, na mwitikio wa misuli haukuchelewa. Hali hiyo iliashiria kuwa habari hutoka pia kwenye misuli na kano zenyewe. Isitoshe, msuli ulioitikia huhitaji muda zaidi ili uzalishe nguvu, na wakati huo unyayo huenda umekwisha kupinduka. Kwa hiyo maandalizi ya misuli kabla ya mguu kugusa ardhi yana umuhimu mkubwa.

Hitimisho

Kutoweka kwa maumivu si ushahidi kwamba mguu uko tayari kubeba robota. Mazoezi ya mizani, kama vile kusimama kwa mguu mmoja na baadaye juu ya kibao kinachoyumba, hupunguza uwezekano wa kuteguka tena. Hamali atayafuata akielewa ni kitu gani kinachofunzwa. Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni kumpa mhudumu wa afya maneno manne yasiyochanganyika: ligamenti, kano, neva na msuli. Mshipa ubaki kuwa njia ya damu.