Uonevu Miongoni mwa Watoto: Jinsi ya Kuutambua na Kuuzuia

Mtoto anayeonewa na wenzake mara nyingi hasemi. Husema tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi. Hurudi nyumbani bila kalamu, bila sweta, au akiwa na njaa ilhali alipewa pesa za chakula. Mzazi humkaripia kwa uzembe, na mtoto huzidi kunyamaza. Makala haya yanaeleza uonevu ni nini, dalili zake, na hatua ambazo wazazi, walimu na majirani wanaweza kuchukua.

UONEVU NI NINI?

Si kila ugomvi wa watoto ni uonevu. Mtafiti Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza jambo hili huko Skandinavia katika miaka ya 1970, alitaja mambo matatu yanayoutambulisha. Kwanza, anayetenda hukusudia kuumiza. Pili, kitendo hurudiwa. Tatu, nguvu hazilingani: mmoja ni mkubwa kwa umri au mwili, ana cheo, au ana kundi nyuma yake. Watoto wawili wa rika moja wakipigania mpira na kupatana jioni, huo ni ugomvi. Watatu wakimvizia mmoja njiani kila siku, huo ni uonevu.

Vilevile uonevu si utani. Katika utani wote wawili hucheka, na kila mmoja ana ruhusa ya kujibu. Mmoja akianza kulia au kujificha, utani umekwisha. Wahenga walionya: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

SURA ZAKE

Uonevu huwa wa mikono, wa maneno, wa kutenga na wa simu. Kupiga, kusukuma na kunyang'anya huonekana kwa urahisi. Kumcheka mtoto kwa sababu ya lafudhi, kabila, ulemavu, viatu vilivyochakaa au mtaa anakotoka hakuachi alama mwilini, lakini huumiza. Katika upande wa magharibi wa jiji, ambako Kangemi imepakana na Mountain View na Kawangware imepakana na Lavington, tofauti za kipato huonekana kila siku, na watoto huzigeuza kuwa silaha.

Uonevu hupenda mahali ambapo mtu mzima hayupo: vyooni, nyuma ya madarasa, kwenye foleni ya chakula, kwenye stage za matatu na katika mabweni usiku. Katika shule za msingi za umma zinazopokea chakula cha mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, mwanafunzi hutumia bangili kupata mlo ambao mzazi huchangia shilingi 5. Bangili "ikipotea" kila mara, mzazi na mwalimu waulize kwa upole inaenda wapi.

Uonevu wa simu haukomi kengele ya kwenda nyumbani inapolia. Picha ya aibu ikitumwa katika kundi la WhatsApp la darasa, mtoto huwa hana mahali pa kupumzika, hata kitandani kwake.

KWA NINI HUTOKEA?

Sababu ya kwanza ni mazoea. Katika shule za bweni nchini, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ameitwa "mono" kwa miaka mingi, na kumtesa kukachukuliwa kama desturi ya kumkaribisha. Aliyeteswa mwaka huu hungoja zamu yake ya kutesa mwaka ujao. Mwaka 2017, uchunguzi wa Wizara ya Elimu ulionyesha kuwa hata Shule ya Upili ya Alliance, iliyoko Kikuyu nje kidogo ya mpaka wa magharibi wa Nairobi, ilikuwa na tatizo hilo: wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakipigwa na kudhalilishwa na wakubwa wao, wakiwemo viranja. Alama nzuri za mtihani si kinga. Tena kiranja anayepewa mamlaka bila kusimamiwa anaweza kuwa mwonevu mkuu.

Mfumo mpya wa elimu haujaondoa hatari hiyo. Gredi ya 7 hadi 9 zimo katika shule za msingi, hivyo kijana wa miaka 14 anaweza kutumia uwanja mmoja na mtoto wa miaka 6. Mwanafunzi anayeingia Gredi ya 10 katika shule ya bweni naye ni mgeni kama mono wa zamani.

Sababu ya pili iko nyumbani. Mtoto anayeona kila mzozo ukimalizwa kwa kofi hujifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

DALILI ZA KUANGALIA

• Kukataa shule ghafla, au kubadilisha njia ya kwenda na kurudi
• Vitu kupotea au kuraruka mara kwa mara
• Michubuko isiyoelezeka
• Kushuka kwa alama, kukosa usingizi, kukojoa kitandani baada ya kuacha
• Kushtuka simu inapolia, au kuificha
• Kusema hana maana au afadhali asingekuwepo

Dalili moja pekee haithibitishi uonevu. Lakini mtoto akitamka maneno ya kutaka kufa au kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

MTOTO AKISEMA ANAONEWA

Mzazi amsikilize hadi mwisho bila kumkatiza na bila kuuliza "wewe ulimfanya nini?" Amwambie kwamba amefanya vyema kusema. Kisha aandike tarehe, mahali na majina. Ujumbe wa simu usifutwe: upigwe picha ya skrini na kuhifadhiwa.

Makosa mawili hutokea mara nyingi. La kwanza ni kumwambia mtoto "nawe mrudishie." Kwa kuwa nguvu hazilingani, hushindwa tena, na akishinda huadhibiwa yeye. La pili ni mzazi kwenda mwenyewe kumtisha mtoto wa mwenzake langoni. Hilo huweza kumfanya mzazi kuwa mshtakiwa, na mtoto wake huteswa zaidi kwa siri.

Njia bora ni kumwona mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, na kupeleka malalamiko kwa maandishi. Mzazi aombe kujua hatua zitakazochukuliwa, na arudi baada ya wiki moja kuuliza. Mtoto asilazimishwe kusalimiana na aliyemtesa mbele ya darasa ili ionekane yamekwisha.

MTOTO AKIWA NDIYE MWONEVU

Habari hii ni chungu, na wazazi wengi huikana. Kuikana humdhuru mtoto. Mzazi amweleze waziwazi kitendo gani ni kibaya, amtake arudishe alichochukua, na afuatilie mienendo yake. Kumpiga kwa kosa la kupiga humfundisha somo lile lile. Samaki mkunje angali mbichi, na kukunja ni kuelekeza bila kuvunja.

WANAOTAZAMA

Mwonevu huhitaji watazamaji. Nchini Finland, mpango wa shule uitwao KiVa, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku, huwafunza wanafunzi wanaotazama wasicheke, wamwite mtu mzima, na wakae na aliyeonewa. Hayo hayahitaji fedha. Mtoto anayeketi na mwenzake aliyetengwa wakati wa chakula amefanya kazi kubwa. Makanga, muuza duka na bodaboda wa stage nao wanaweza kumkemea anayevizia watoto.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa aina zote. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36, inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Sheria ya Watoto ya 2022 inagusa pia uonevu wa mtandaoni. Sheria hiyo hiyo inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawajibiki kwa kosa la jinai, na inaruhusu watoto wanaokosa kurekebishwa nje ya mahakama. Lengo ni kuuzuia uonevu bila kuharibu maisha ya mtoto yeyote.

PA KUPATA MSAADA

• Childline Kenya: piga 116, bila malipo, mchana na usiku. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe.
• Afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au ofisi ya chifu iliyo karibu.
• Kituo cha polisi kilicho karibu, kama vile Central, Parklands, Kilimani au Muthangari, ikiwa mtoto amejeruhiwa, ametishwa au amedhulumiwa kingono. Mzazi ahakikishe amepewa nambari ya OB.
• Kituo cha afya: mtoto aliyeumizwa atibiwe kwanza, na stakabadhi za matibabu zihifadhiwe.